Siku Tisa Bulgaria, Ambako Kaka ni Dada

Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Kazini ninamwita Kaka, na ni mwanamke. Kwa Kibulgaria "kaka" ni dada mkubwa, na huyu kanizidi miaka kumi na tisa, kwa hiyo jina linamfaa. Huu ni mwaka wa tatu tuko naye zamu moja kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Leipzig. Tunawaogesha, tunawageuza vitandani, tunawalisha uji wa semolina. Mama yake mwenyewe ana miaka 79, yuko peke yake kijijini karibu na mji wa Vidin, kaskazini-magharibi ya Bulgaria. Huyo bibi, wajukuu wanamwita "baba". Siku niliyoelezwa kwamba kaka ni dada na baba ni bibi, nilicheka hadi nikamwaga chai ya mzee wa chumba namba sita.

Likizo ya kwenda Tanga nilishaitumia mwezi wa nne. Siku zilizobaki nilipanga kulala tu. Kaka akasema, "Twende kwetu ukaone kwa nini niko hapa."

Usafiri wao ni basi dogo la abiria wanane linalovuta tela. Nauli euro 110, na mzigo unapimwa kwa mizani ya ndoano kama ile ya wauza samaki wa Deep Sea, kwetu Tanga. Nilisimama pale nikiangalia vinavyopanda kwenye tela: matairi ya majira ya baridi, kiti cha magurudumu, nepi za watu wazima, kahawa, na sabuni ya unga, maboksi kwa maboksi. Nikamwuliza Kaka kama kwao sabuni haipatikani.

"Ipo. Ya kampuni hii hii. Utaona bei."

Tumeondoka saa kumi na mbili jioni.

Jumapili, 19 Oktoba

Sina la kueleza juu ya Ucheki, Slovakia na Hungaria, nilizipita nimelala. Nimeamka Romania, milima imevaa majani ya rangi ya kutu, na baadaye mto Danube ukawa pembeni yetu kwa muda mrefu, mpana, umetulia kama bahari ya Tanga wakati wa kusi limekata. Kaka anasema zamani hapa mpakani walikuwa wanakaa foleni saa nne, saa sita, dereva akichangisha "kahawa ya maofisa". Tangu tarehe 1 Januari mwaka huu Romania na Bulgaria zimeingia kikamilifu katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani, na sisi tumepita bila hata kupunguza mwendo sana. Daraja linalovuka Danube hadi Vidin lilifunguliwa 2013. Kabla ya hapo ilikuwa ni pantoni, na hapo nilihisi niko nyumbani kabisa.

Kwenye kiti cha mbele yangu alikuwepo mwanamume mmoja anayerudi kutoka Uholanzi, kwenye mabanda ya nyanya. Alikuwa na mikono myeusi ya majani ya nyanya, ile rangi isiyotoka. Alilala njia nzima kama mfu.

Kijiji cha kina Kaka kina barabara moja ya lami na nyumba nzuri za matofali, nyingi zimefungwa. Kilichonishtua ni karatasi. Kwenye milango, kwenye nguzo za umeme, kwenye kituo cha basi, kila mahali zimebandikwa karatasi zenye picha za watu, majina na tarehe. Nilidhani ni uchaguzi. Kaka akaniambia ni tanzia: mtu akifa zinabandikwa, akitimiza siku arobaini zinabandikwa tena, mwaka tena, na kadhalika. Tangu tushuke garini nimeona watu hai sita. Kwenye karatasi sikuhesabu.

Baba alitupokea na supu ya maharage. Nimemaliza bakuli, akaniuliza kitu, nikajua ni "nikuongeze?" Nikatikisa kichwa kwa kukubali, juu chini, kama mtu yeyote mwenye njaa. Akachukua bakuli akaenda kuliosha. Kaka alicheka hadi machozi. Huku kichwa kikienda juu na chini ni hapana; kikienda kushoto na kulia ni ndiyo. Nimelala na njaa kwa kosa la shingo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo ndiyo siku ya kuandikwa kwa kirefu.

Saa moja asubuhi Baba alikuwa ameshavaa koti la kutokea. Pensheni hulipwa posta kati ya tarehe 7 na 20 ya kila mwezi. Wiki iliyopita miguu ilimgomea, kwa hiyo leo ni mwisho. Alifanya kazi miaka 31 kwenye kiwanda cha matairi cha Vidin, na anapata leva 702 kwa mwezi (pesa yao ni lev, zikiwa nyingi ni leva). Kima cha chini cha pensheni ya uzeeni, tangu Julai mwaka huu, ni leva 630.50. Maana yake ile miaka 31 ya kuvuta moshi wa mpira imemzidishia leva sabini na moja na nusu.

Kwa anayetaka kufuatana nami kwenye hesabu: euro moja ni leva 1.95583, na haibadiliki. Lev ilifungwa kwenye maki ya Ujerumani mwaka 1997, maki ilipokufa ikabaki imefungwa kwenye euro kwa kiwango kile kile cha maki. Kwa hiyo pensheni ya Baba ni kama euro 359.

Dada wa posta alihesabu noti, akamwekea Baba mbele yake, kisha akaanza kuzirudisha upande wake moja moja: umeme, maji, simu. Baba alikuwa anazitazama zikiondoka kama mtu anayeangalia kuku wake wakiingia banda la jirani. Tukaenda duka la dawa. Presha, kisukari, maji ya mwilini: leva 94. Kabla ya saa nne asubuhi zimebaki leva 430 hivi, na mwezi ndio kwanza umeanza kwa maana ya pensheni.

Halafu tukachukua basi kwenda mjini, kwenye duka kubwa. Ni duka la Kijerumani, lenye nembo ile ile ninayoiona kila siku nikishuka tramu Leipzig. Mpangilio ule ule: unaingia, mkono wa kulia mikate, mbele matunda, maziwa mwisho kabisa. Nilikuwa naweza kutembea nimefumba macho. Tangu Agosti kila bei lazima iandikwe kwa leva na kwa euro, kwa sababu Januari ijayo wanaingia kwenye euro, na hii imewasaidia watu kuona kitu ambacho zamani walikuwa wanakihisi tu.

Kaka alinivuta hadi kwenye siagi. Pakiti ya gramu 250. Kibandiko: leva 6.49, chini yake euro 3.32.

"Leipzig unanunua shilingi ngapi?" (Neno "shilingi" nimemfundisha mimi, analipenda.) Siagi kama hiyo, kwenye duka lenye nembo hiyo hiyo, wiki iliyopita nilinunua chini ya euro 2.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kima cha chini cha mshahara hapa, kwa saa, mwaka huu ni leva 6.49."

Nikasoma tena kile kibandiko. Sita nukta arobaini na tisa. Saa nzima ya mtu amesimama, kisha kwenye mfuko wake pakiti ya siagi, na bado hajakatwa kodi. Mimi na Kaka saa moja ya kazi yetu, kwa kima cha chini cha wasaidizi wa wauguzi Ujerumani, ni euro 16.10. Hiyo ni karibu saa tano za mtu wa Vidin. Mkate leva 1.89. Jibini lao jeupe la chumvi, ambalo kwao ni kama nazi kwetu, hakuna chakula bila hilo, leva 14.99 kwa kilo. Sabuni ya unga sikutaka hata kuipiga picha. Nilielewa lile tela.

Sababu kila mtu ana yake. Kaka anasema ni wizi. Mwenye duka atasema soko dogo, usafiri mrefu. Moja lisilo na ubishi ni kodi: Ujerumani chakula kinatozwa VAT asilimia 7, hapa ni 20. Mkate waliusamehe VAT kabisa tangu 2022 bei zilipolipuka, lakini msamaha umekwisha mwaka huu ulipoanza. Februari watu walisusia maduka makubwa siku nzima, nchi nzima. Bei hazikuona aibu.

Niwe mkweli pia, si kila kitu ni ghali. Kaka alisuka na kupaka rangi nywele kwa leva 45, teksi ya kurudi kijijini ilikuwa ya kutupa, na daktari wa meno wanakuja kumfuata hadi kutoka Italia. Nimekaa jioni nikigundua mpaka unapita wapi: chochote kinachouzwa kwa jasho la Mbulgaria ni rahisi. Kikitoka kiwandani kwenye boksi, kina bei ya Ulaya.

Najua kuna msomaji Mbagala ameshapiga hesabu yake. Kima cha chini hapa ni leva 1,077 kwa mwezi. Toa asilimia 13.78 ya hifadhi ya jamii, kinachobaki toa kodi asilimia 10 (kodi hiyo ni moja kwa wote tangu 2008, mfagiaji na mwenye majumba), unashika leva 835. Ni euro 427. Kwa shilingi ni kama milioni moja na laki mbili, na unaweza kusema, mbona nzuri? Nzuri kama unailia Mbagala.

Jumanne, 21 Oktoba

Kabichi. Siku nzima kabichi.

Baba ana pipa la plastiki la bluu, lita 120, lile lile ambalo Tanga tunawekea maji. Unachukua kabichi nzima, unaitoboa shina kwa kisu, unachimba msalaba, unashindilia chumvi ya mawe humo. Unapanga kichwa chini. Juu unamwaga maji ya chumvi, unakandamiza kwa jiwe la mtoni ambalo Baba anasema alilirithi kwa mama mkwe. Kisha, hii ndiyo siri, kuna mpira mwembamba umeshushwa hadi chini ya pipa, na kila baada ya siku moja au mbili mtu anapuliza hewa kupitia mpira ule mpaka maji yachemke mapovu, chumvi isilale chini. Baba pumzi zake hazitoshi tena. Mwaka jana alimlipa kijana wa jirani chupa ya rakia, pombe yao kali ya matunda, awe anakuja kupuliza. Leo nimepuliza mimi hadi nikaona nyota.

Kaka alikwenda kutafuta fundi wa bomba la jiko, tukabaki wawili, mimi na Baba, bila lugha. Akataka kiberiti, akasema "kibrit". Nikaduwaa. Nikaokota sabuni kwenye beseni nikamwonyesha, akasema "sapun". Nikaenda chumbani kwake nikagonga lile sanduku la mbao: "sandak"! Ikawa mchezo. Tulizunguka nyumba nzima kama watoto. Duka ni "dyukyan". Baraka ni "bereket". Hesabu, wazee wao husema "hesap". Masurufu, ile pesa ya matumizi, ni "masraf". Waturuki waliwatawala karibu miaka mia tano wakawaachia maneno ya Kiarabu, nasi yalikuja kwa jahazi. Na yaliyokutana kwenye jikoni hii karibu yote ni ya sokoni na ya mfukoni.

Kaka aliporudi nikamwomba amwulize Baba lile neno jingine nililolishuku. Naam, lipo: "fukara". Herufi kwa herufi.

Nikauliza, Baba naye ni fukara?

Bibi alikasirika kidogo. Akanyoosha vidole vitatu vyenye chumvi. Kaka akawa anatafsiri. Kidole cha kwanza: nyumba hii, ni yangu. Cha pili: pipa, na bustani. Cha tatu, akakielekeza kwa Kaka: huyu. Fukara ni yule ambaye hana hata kimoja.

Cha kwanza si bahati yake peke yake. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi nchini humu wanaishi kwenye nyumba zao wenyewe, urithi wa enzi ya ukomunisti, familia ilipojibanabana ikanunua au kujijengea. Wangekuwa wanalipa kodi ya nyumba kama sisi Leipzig, kwa mishahara hii, nchi ingekuwa imeshahama yote.

Imepungua zaidi ya robo hata hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu milioni 9. Sensa ya 2021 iliwakuta milioni 6.5. Mkoa huu wa Vidin pekee, kati ya 2011 na 2021, ulitoka watu elfu 101 ukashuka hadi elfu 75. Mmoja kati ya wanne. Na hapakuwa na vita wala tetemeko.

Jumatano, 22 Oktoba

Vidin mjini. Kuna ngome ya zamani ukingoni mwa Danube inaitwa Baba Vida, yaani Bibi Vida, na ni nzuri, na sitaieleza kwa sababu Kaka hakunipa nafasi. Alitaka nione jengo lake. Ni ghala la bati nyuma ya kituo cha treni, dirisha limevunjika. Hapo alishona mashati kwa miaka tisa, mashati ya kampuni za nje: kola tu, yeye alikuwa mtu wa kola, kola 400 kwa zamu. Mwaka 2013 kima cha chini kilikuwa leva 310 kwa mwezi, na ndicho alichokuwa anapata. Bulgaria iliingia Umoja wa Ulaya 2007, lakini Ujerumani iliwafungulia Wabulgaria ajira bila kibali tarehe 1 Januari 2014. Kaka alifika Leipzig Machi. Mwezi wake wa kwanza, anasema, alikuta dukani shati lenye kola anayoifahamu. Aliigeuza akaangalia mshono wa ndani. Bei ilikuwa euro 39.90.

"Ulinunua?"

"Wazimu? Nilirudisha kwenye hanga."

Tumekula samaki mtoni. Sangara kwa sangara, wa Mwanza anamshinda.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Kuni zimeletwa, mita za ujazo sita, zikamwagwa mbele ya geti, na tumepanga ukutani mpaka viganja vimechubuka. Umeme wa majumbani bei yake imewekwa na serikali na ni miongoni mwa ya chini kabisa Ulaya, lakini Baba hawashi hita. Anafunga vyumba vitatu, anahamia jikoni na kitanda mpaka Machi. Majirani karibu wote hivyo hivyo. Februari 2013 bili za umeme ziliwatoa watu barabarani hadi serikali ikajiuzulu, na tangu hapo, anasema Kaka, wanasiasa wanaiogopa mita kuliko upinzani.

Usiku Baba alifungua sanduku akatuonyesha akiba yake. Leva, zimefungwa kwenye leso. Ana wasiwasi na euro. Hajali picha zitakazokuwa kwenye sarafu, anajali majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997, benki zilipoanguka na mshahara wa mwezi ukayeyuka hadi dola chache. Alikuwa na akiba ya kununua jokofu. Alipokwenda kuitoa ilinunua, kwa maneno yake, mlango wa jokofu. Nikakumbuka bibi yangu mzaa mama akisimulia foleni za sabuni za mwaka 1983. Kaka alimweleza mara tatu kwamba safari hii ni kubadilisha tu, moja kwa 1.95583, posta itabadilisha. Baba akafunga leso. Kichwa chake kilikwenda sijui upande gani.

Ijumaa, 24 Oktoba

Treni ya Sofia, zaidi ya saa tano kwa umbali ambao kwa barabara unazidi kidogo tu ule wa Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mabehewa ya zamani, dirisha halifungi. Baada ya Mezdra reli inaingia kwenye korongo la mto Iskar, miamba inasimama pande zote mbili, na nikasamehe yote.

Mzigo wetu ni chupa. Chupa za glasi za vifuniko vya bati: pilipili za kuchoma, nyanya, mchuzi mzito wa pilipili unaoitwa lyutenitsa, nyama ya nguruwe (hiyo nimeambiwa nisibebe, wameheshimu). Chupa 22 ni za mpwa wa Kaka anayesoma Sofia. Nyingine zitakwenda Leipzig na tela wiki ijayo. Pesa na sabuni zinashuka, chupa zinapanda. Sisi tunatuma euro Tanga, tunaletewa dagaa na unga wa muhogo. Dereva wa tela angeelewana na mama yangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sofia ni nchi nyingine. Vioo, magari makubwa, vijana wa kompyuta wanaolipwa vizuri wakinywa kahawa ya leva 6 na mbwa wao. Kati ya nchi za Umoja wa Ulaya hii imo kwenye zile ambazo pengo la mwenye nacho na asiye nacho ni pana kuliko zote, na hapa unaliona kwa kuvuka barabara tu. Tumetoka kwenye hizo kahawa, dakika kumi kwa miguu tuko Zhenski Pazar, Soko la Wanawake, ambapo mama mmoja alikuwa akinunua kiazi kwa kuchagua kimoja kimoja, vinne, akalipa kwa sarafu.

Karibu na hapo, nyuma ya jengo la kale la mabafu ya maji ya madini, kuna mabomba ya wazi yanayotoa maji moto kutoka ardhini, bure, usiku na mchana. Foleni ya watu na madumu na vigari vya sokoni. Si wote walikuwa maskini, wengine wanasema ni dawa. Lakini yule mzee aliyejaza chupa kumi na nane za lita moja na nusu, akazifunga kwa kamba mgongoni, sidhani alifuata dawa. Nilimsaidia kunyanyua. Maji yalikuwa na joto la mwili wa mtu, nilihisi kupitia koti.

Mpwa anaishi Lyulin, mtaa wa maghorofa ya vipande vya zege vilivyopangwa kama boksi za viatu. Ana miaka 23, anasoma uhandisi wa chakula mchana, usiku yuko kituo cha mafuta. Anashiriki nyumba na wenzake wawili, sehemu yake ni leva 480 bila umeme. Mkataba wake ni wa kima cha chini, zile 835 mkononi. Kisha bosi anaongeza leva 300 kwenye bahasha, hazionekani popote. Bahasha ni mfumo hapa, kila mtu anaijua. Bosi anakwepa makato, mfanyakazi anakula leo, na miaka arobaini ijayo pensheni itahesabiwa kwa zile za kwenye mkataba tu. Nikafikiria leva 702 za Baba.

Tulipanga chupa kwenye balkoni. Alizipanga kwa rangi. Nyekundu, njano, kijani. Nikamhesabia kimoyomoyo vile vidole vitatu vya Baba: nyumba hana, pipa liko Vidin, na mtoto wa kumtumia hela bado hajazaliwa. Nikauliza kama atabaki Bulgaria akimaliza chuo. Akasema ndiyo, bila shaka, mimi siendi kuogesha Wajerumani. Halafu akakumbuka sisi ni nani, akaona haya, na Kaka akacheka kuliko wote na kumbusu kipaji cha uso.

Saa mbili usiku akavaa fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa akaondoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo ni Dimitrovden, siku ya Mtakatifu Dimitri. Wazee wao husema Mtakatifu Georgi huleta kiangazi, Dimitri huleta baridi. Zamani wachungaji na vibarua waliajiriwa siku ya Georgi mwezi Mei, wakafanya kazi miezi sita, na siku ya Dimitri mwenye mali anakaa kitako, anahesabu, anawalipa wote ujira wao kamili, kila mtu anashika njia ya kwao. Kaka alinisimulia tukiwa jikoni asubuhi, nikapenda: nchi yenye sikukuu ya kulipwa mshahara.

Ndege yetu ni saa saba mchana. Mpwa amerudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, macho mekundu, ananuka dizeli na mkate. Akaketi bila kuvua koti. Na hapo ndipo nilipokumbuka: usiku wa jana ndio saa zimerudishwa nyuma karibu Ulaya nzima. Saa kumi alfajiri ilipofika, ikawa tena saa tisa. Zamu yake ya saa kumi na mbili ilikuwa saa kumi na tatu. Kazini kwetu Leipzig saa hiyo inaandikwa, ina nyongeza ya usiku, tunaigombania.

"Ile saa ya pili," nikamwuliza, "watakulipa?"

Alikuwa amejaza mdomo pilipili ya kuchoma ya Baba. Akaniangalia, akatafuna, akatikisa kichwa.

Nilikuwa nimeshakaa siku nane. Nikamgeukia Kaka anitafsirie, lakini alikuwa amegeukia balkoni, anazihesabu chupa.